Chuma Kilichobakizwa

Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004, watengenezaji wa magari wa Japani walishika ahadi ambayo haikuwa sheria: gari la kuuzwa nchini mwao lisitangazwe kuwa na zaidi ya farasi 280. Nissan Skyline GT-R ikatangazwa 280. Toyota Supra ikatangazwa 280. Toyota Aristo, gari la mkubwa anayekaa kiti cha nyuma na kusoma gazeti, nayo 280. Kampuni hizo zilishindana kwa kila kitu, lakini kwenye namba hiyo zilikutana kama ndugu. Muuzaji alijua, mnunuzi alijua, na mafundi walijua kuliko wote kwamba 280 ilikuwa adabu tu mbele ya serikali yenye wasiwasi wa ajali. Injini yenyewe ilikuwa na maneno yake.

Huku Lubumbashi vijana hubishana juu ya injini hizo kana kwamba wamezizaa wenyewe. Watakutajia herufi na namba zake kwa moyo, 1JZ, 2JZ, RB26, na watakuambia ipi inapanda farasi 600 bila kufunguliwa tumbo. Wengi wao wanaendesha vigari vya silinda nne, na hilo haliwazuii. Nikiwasikiliza kwa muda, naona mwendo ni kisingizio. Kinachowavuta ni ule umbali kati ya kilichoandikwa na kilichomo ndani. Katika mji huu, umbali huo una historia ndefu kuliko magari.

Tuanze na chuma chenyewe. Injini ya Toyota iitwayo 2JZ-GTE ilitoka na Aristo mwaka 1991, kisha ikawekwa katika Supra ya mwaka 1993. Ina silinda sita zilizosimama mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,997. Kipenyo cha silinda ni milimita 86, na pistoni husafiri milimita 86 hizohizo. Bloku yake ni chuma cha kusubu, kizito, kisicho na haraka ya kupungua uzito. Krankishafti imeshikwa mahali saba. Chini ya kila pistoni kuna kijibomba kinachoirushia oili ili isiungue. Kiwandani ilifungiwa turbo mbili ndogo zinazopokezana: moja inaanza, ya pili inaingia mzunguko ukipanda. Mafundi wa nje walipozitoa hizo mbili na kufunga moja kubwa, wakabadilisha vinyunyizi vya petroli na kuipa kompyuta maagizo mapya, walikuta pistoni, konrodi na krankishafti za kiwandani zinavumilia farasi 600 na zaidi. Mara mbili ya namba iliyoandikwa, kwa vyuma vilevile.

Hata kupangwa mstari mmoja kuna faida yake. Pistoni ya kwanza hupanda pamoja na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne. Jozi hizo tatu zimeachana kwa nyuzi 120, kwa hiyo misukumo yake inafutana yenyewe, na injini haihitaji uzito wa ziada wa kutuliza mtikisiko. Moto unawaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, kila baada ya theluthi ya mzunguko. Ndiyo maana injini ya aina hii ikiwa nzima haitetemeki ikingoja kwenye taa za barabarani. Inanguruma chini chini tu. Nguvu isiyopotea katika mtikisiko haizipigi beringi, na beringi zisizopigwa zinaweza kubebeshwa zaidi.

Watu humsifu aliyeweka turbo kubwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Farasi zile 600 zililipiwa miaka mingi kabla, na mhandisi aliyeamua kwamba ukuta wa silinda uwe mnene kuliko hesabu ilivyodai. Aliyekuja baadaye na spana alifungua mlango wa ghala lililokwisha kujazwa. Kwa hiyo tunaposema injini fulani ina uwezo mkubwa wa kuongezwa nguvu, tunasema jambo moja: kuna mtu alibakiza.

Injini hizo zinafika kwetu kwa njia inayojulikana. Meli inashusha magari Dar es Salaam, yanapanda kwa barabara hadi Tunduma, yanavuka Zambia, yanangoja zamu yake mpakani Kasumbalesa, kisha kilomita kama 90 za mwisho hadi mjini. Usukani unabaki kulia ulivyotoka Japani, ingawa Kongo tunaendesha kulia. Dereva akitaka kulipita lori kwenye barabara ya Likasi, humwomba abiria wa kushoto achungulie kama njia ni nyeupe. Ndani ya msafara huo wa IST na Ractis huja pia Mark II, Chaser na Crown, nyingine zikiwa na silinda sita. Chache sana ndizo zenye turbo, na hizo husikika kabla hazijaonekana.

Zikifika, zinakutana na hewa yetu. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mgeni wa kutoka pwani haoni, kwa kuwa hakuna mlima aliopanda. Mji umekaa juu ya uwanda. Injini ndiyo inayoona. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya bandarini, na injini isiyo na turbo huvuta kile inachokikuta. Iliyotoka Dar na farasi 100 inaingia Kasumbalesa na chini ya 90, kabla fundi yeyote hajaigusa.

Turbo ilipewa sifa ya kwanza kwa ajili ya tatizo hilohilo. Mswisi Alfred Büchi aliichukulia hataza mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini uzungushe tabo, tabo izungushe pangaboi la kushindilia hewa ndani ya silinda. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, Marekani, penye mita zaidi ya 4,000. Injini iliyokuwa na farasi kama 350 bondeni ilishuka hadi karibu 230 kule juu. Turbo ikairudisha ilikokuwa. Kwa hiyo kazi yake pale mlimani ilikuwa kulipa deni la mwinuko.

Lakini deni hulipwa na mtu. Geji ya turbo hupima presha iliyozidi hewa ya mahali ulipo. Bar 1 kwenye geji Dar es Salaam ni kama bar 2 kamili ndani ya injini; bar 1 hiyohiyo Lubumbashi ni kama 1.88. Ukitaka zile 2 kamili hapa, turbo lazima iizidishe hewa mara 2.3 badala ya mara 2. Inazunguka kwa kasi zaidi, inapasha hewa joto zaidi, na hewa ya moto huifanya petroli kuwaka kabla ya wakati wake. Hapo injini inagonga, sauti kama ya changarawe ndani ya kopo, na pistoni inaanza kulika. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi linalopita kwenye chujio bovu na kuyalamba mapanga ya turbo. Ongeza na petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara, ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini. Kijana anayesoma kwamba injini fulani imefika farasi 700 huko Ulaya anasoma habari ya hewa nyingine na mafuta mengine. Bado asubuhi za Juni na Julai, joto linaposhuka chini ya nyuzi 10 na hewa ikawa nzito kidogo, gari lake linavuta vizuri kiasi cha kumfanya asahau.

Nimesema umbali kati ya kilichoandikwa na kilichomo una historia hapa. Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipita Katanga, na yeye ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuiita nchi hii kashfa ya kijiolojia, kwa wingi wa madini aliyoyaona. Tangu hapo tunasifiwa kwa uwezo. Kila hotuba ina neno hilo. Mtoto wa mtaa wa Katuba hukua akiambiwa kwamba amesimama juu ya utajiri, na hukua akichota maji kwa bidoni.

Mbele ya mji kuna rundo jeusi, tunaloliita terili, na bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba likiwa pembeni yake. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwasha tanuru hapa mwaka 1911, na kwa miongo mingi kilichobaki baada ya shaba kutolewa kilimwagwa papo hapo, toroli juu ya toroli, mpaka uchafu ukawa kilima na kilima kikawa alama ya mji. Huo uchafu ulikuwa na kobalti. Ulikuwa na zinki. Ulikuwa na germanium, madini yanayotumika katika nyaya za mawasiliano za nyuzi za kioo na katika kamera za kuona gizani. Wenye tanuru walikuwa wakitafuta shaba. Mengine hawakuwa na njia ya kuyatoa kwa faida, au hawakuwa na mnunuzi. Miaka ya 2000 ilipoanza, mabaki hayo yakaanza kuyeyushwa upya ili kutolewa kobalti. Mwaka 2024 STL, kampuni tanzu ya Gécamines, shirika la madini la serikali, ilisafirisha germanium yake ya kwanza kwa Umicore ya Ubelgiji. Umicore ni jina ambalo Union Minière ilijipa mwaka 2001. Aliyeanza kulimwaga rundo ndiye anayelinunua, safari hii kwa bei.

Kwa hiyo naona akiba za namna mbili. Kuna iliyobakizwa kwa kujua, kama chuma cha Toyota: mtu alipiga hesabu, akaongeza juu yake, akanyamaza. Na kuna iliyobaki kwa bahati, kama terili yetu: hakuna aliyekusudia kutuachia kitu, wakati ndio uliotuachia. Zote mbili ni halali kutumiwa. Ila anayeitumia ya pili kama vile ameandaliwa na mzazi atakosea hesabu, kwa sababu bahati haina karatasi ya vipimo.

Akiba ya tatu nilioneshwa gerejini, mtaa wa Kampemba. Ni ile isiyokuwepo.

Dereva mmoja kijana wa kampuni ndogo inayopeleka watu migodini alileta Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,164, isiyo na turbo. Gari hilo unalikuta kila kona ya nchi hii, kuanzia Kolwezi hadi Kasenga. Likipakiwa watu kumi na mizigo yao, mwinuko wa kurudi hulichosha.

“Papa, utuwekee turbo,” akasema dereva. “Wenzetu walishaweka.”

Fundi alikuwa anafuta mikono. “Mutoto yangu, hii moteri iko ya kazi. Haiko ya mbio.”

Dereva akamkumbusha kwamba Toyota wenyewe walitengeneza injini ya aina hiyohiyo yenye turbo, 1HD-T. Hakukosea. Ujazo ni uleule, kipenyo cha silinda ni kilekile cha milimita 94, pistoni inasafiri milimita 100 kwa zote mbili. Kwa nje ni mapacha. Fundi akaenda nyuma akarudi na hedi ya 1HZ iliyofunguliwa, akaiweka juu ya pipa na kuipitishia kidole penye ufa mwembamba kama unywele, ulioanzia kwenye kijichumba kinachowasha dizeli kabla haijaingia silinda. 1HD-T haina kijichumba hicho. Inanyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Inashindilia hewa mara 18.6, wakati 1HZ inashindilia zaidi ya mara 22 hata bila turbo. Na 1HD-T ina vijibomba vya oili chini ya pistoni, 1HZ haina. Wapo waliofunga turbo ya presha ndogo kwenye 1HZ wakaenda nayo taratibu, wakadumu. Mwenye hedi ile alitaka kufika mapema.

Kisha fundi akachukua kipande kingine mezani, beringi ya konrodi ya lori fulani, kibati cha nusu duara chenye unene wa milimita chache tu. Akakigeuza penye mwanga. Mgongo wake ni chuma. Juu ya chuma kuna tabaka la shaba iliyochanganywa na risasi, na juu ya shaba kuna utando wa kijivu, mwembamba kuliko karatasi, ambao ndio unaopokea oili na kubeba kazi yote. Ukingoni kijivu kilikuwa bado kizima. Katikati, mahali pistoni inaposukuma kwa nguvu zaidi, palikuwa pamegeuka pekundu.

“Unaona mukuba?” akamwuliza dereva.

Dereva akaona. Katika mji ulioinuka kwa sababu ya shaba, ambako shaba ikionekana watu hupiga simu, kule gerejini kuonekana kwa shaba maana yake ni kwamba kilichokuwa kikilinda kimekwisha. Lori lile lilikuwa bado linatembea. Lilipoletwa, mwenyewe alilalamikia sauti ndogo tu.

Hapo ndipo ninapoona ugumu wa jambo zima. Akiba inapotumika haitoi taarifa. Injini iliyoongezwa nguvu hukimbia vizuri kuliko zamani mpaka siku ya mwisho. Kwa kweli haijawahi kukimbia vizuri hivyo. Mgodi unaochimbwa kwa pupa hutoa tani nyingi kuliko uliochimbwa kwa mpango, na wakubwa hupigwa picha mbele yake. Anayetazama mwendo peke yake hawezi kutofautisha ustawi na utapanyaji, kwa sababu kwa muda mrefu vina sura moja. Inabidi mtu afungue na kutazama ndani, na kufungua kunagharimu, na gari lililofunguliwa siku hiyo haliingizi fedha.

Barabara za Afrika Mashariki ziliwahi kulifundisha hilo hadharani. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mbio za Safari akiendesha Datsun 240Z, gari la michezo lenye silinda sita mstari mmoja na lisilo na turbo. Gari hilo lilikwisha kushinda mwaka 1971 pia, mikononi mwa Edgar Herrmann. Ulaya yalikuwepo magari yenye nguvu kuliko hilo. Lakini Safari ilikuwa maelfu ya kilomita za tope, mawe na vumbi, na gari lililotoa yote saa ya kwanza lilikaa kando ya njia saa ya kumi. Mehta aliishinda Safari mara tano.

Supra ilirudi sokoni mwaka 2019, ikiwa na injini ya BMW iitwayo B58. Silinda sita, mstari mmoja, turbo moja, bloku ya aluminiamu iliyotengenezwa nene kwa makusudi. Nayo imebakiziwa, na mafundi wa programu waliiongezea nguvu bila kugusa boliti. Mwaka 2020 BMW ikaanza kuzifunga kompyuta za injini zake kwa kufuli zilizowapa mafundi hao kazi kubwa kuzifungua. Mwaka uliotangulia, Tesla ilianza kuwauzia wenye baadhi ya magari ya Model 3 mwendo wa ziada kwa dola 2,000. Hakuna fundi aliyefika nyumbani kwao. Nguvu ilikuwemo tangu siku gari lilipotoka kiwandani. Kilichouzwa ni ruhusa. Betri za magari ya umeme kwa sehemu kubwa ndizo zinazoila kobalti yetu, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, karibu yote Haut-Katanga na Lualaba. Basi injini ya silinda sita inayopendwa na vijana wetu inaagwa kwa udongo wa kwetu. Na gari linaloshika nafasi yake litakuja na akiba yake, ila ufunguo utakaa mbali.

Hiyo ndiyo sababu nyingine inayonifanya niiheshimu 2JZ. Aliyeibakizia chuma hakuweka kufuli. Alikabidhi ghala pamoja na ufunguo kwa mtu asiyemjua, akamwachia uamuzi. Namba ya 280 ilikuwa kimya cha heshima. Kufuli ya leo ni kimya cha biashara.

Lakini uamuzi ukishaachwa kwetu, ni wetu. Kijana mwenye Chaser yenye turbo anayeniuliza hatakosa jibu langu: ongeza, gari ni lako. Weka chujio zuri, nunua petroli kituoni, funga geji ya joto la oili, na ukifika farasi 350 simama, hata kama maandishi yanasema 600. Huku kwetu gari halifi na mwenye kulinunua kwanza. Litauzwa, litageuzwa teksi, litapeleka harusi Ruashi na maiti kijijini, na mnunuzi wa nne hatakuwa na fedha ya kufungua injini. Zile 250 ambazo hukuzitumia ndizo atakazoendeshea.

Na tunapoongea juu ya uwezo wa Katanga, swali ni lilelile, na linahitaji jibu la tani na miaka kuliko la hotuba: kilichomo kilibakizwa na nani, kimebaki kiasi gani, na katikati, penye kazi nzito, pameanza kuwa pekundu au bado? Mhandisi wa Japani hakumjua mnunuzi wa nne wa Lubumbashi, na bado alimbakizia. Sisi tunaowajua kwa majina watakaokuja baada yetu, hatuna kisingizio.